Vazi la pweza likigoma: kutafuta chanzo kabla ya kushika gundi

Pweza akitolewa majini hulegea papo hapo kama nguo iliyoloweshwa. Hana mfupa hata mmoja. Maji ndiyo yaliyokuwa yakimbeba. Vazi la maonyesho la kumwigiza lina tabia hiyohiyo. Kwenye mchoro minyiri minane, yaani mikono ya pweza, inaelea na yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini, amejitanda kichwani kama mwavuli, lakini likivaliwa Nyerere Square hapa Dodoma saa nane mchana kila gramu inatua mwilini mwa mvaaji, upepo unatafuta pa kuingilia, na vumbi jekundu linashika kila kitambaa cheupe. Kwa hiyo kasoro ikitokea, jiulize kwanza: kazi ambayo baharini ingefanywa na maji, hapa inafanywa na nini? Mara nyingi jibu ni "hakuna kitu", na hapo ndipo pa kuanzia.

Mwongozo huu unachukulia vazi la sehemu nne: kiunzi cha kiunoni chenye minyiri minane ya mita 1.2 kila mmoja, kofia ya yavuyavu iliyojengwa juu ya fremu ya mwavuli mbovu, suti ya likra ya ndani, na taa ndogo za betri. Anayetengeneza kasa, samaki aitwaye taa au kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, atabadilisha vipimo, ila magonjwa yatakuwa yaleyale.

Mabega yanauma baada ya dakika kumi, minyiri inaburuta

Azima mzani wa kuning'iniza kama ule wa wauza nyama, upime kila kipande peke yake: kofia, kiunzi, mnyiri mmojammoja, betri na taa. Andika namba. Asiyepima huishia kupunguza mahali pasipo na uzito, akang'oa urembo na kuacha mzigo. Kipimo salama kwa mtu mzima anayetembea na kucheza ni kilo 6 kwa vazi zima. Kwa mwanafunzi wa sekondari kilo 4. Kofia isizidi kilo 1 kwa yeyote.

Mzigo huwa umejificha ndani ya minyiri. Mnyiri wa mita 1.2 wenye kipenyo cha sentimita 12 shinani, unaokwenda ukichongoka, una ujazo wa karibu lita 4.5. Ukiushindilia vipande vya vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, unapata gramu 600 hadi 700. Mara nane, umefika karibu kilo 5 au zaidi kabla hata hujagusa kofia. Ukiujaza pamba ya polyesta, ile ya kujazia mito, haufiki gramu 100. Chenga za godoro zinakaribiana nayo, gramu 100 hadi 130, na mafundi sofa wengi watakupa bure. Zikate vipande vya sentimita 2 hivi, kwa sababu vipande vikubwa hutokeza nje kama viazi ndani ya soksi.

Chanzo cha pili ni vinyonyeo, vile viduara vya kunyonya vilivyo kwenye mnyiri. Wengi huvitengeneza kwa visoda vilivyofunikwa kitambaa, na kwa kweli vinapendeza. Kisoda kimoja kina gramu 2 na kitu. Weka 60 kwa kila mnyiri, zidisha kwa minane: umeongeza kilo nzima ya chuma, na yote iko mbali na kiuno, mahali ambapo uzito huvuta zaidi. Toboa duara kutoka kwenye soli za ndala kuukuu au mkeka wa sponji ngumu wa watoto. Uzito wake hauonekani hata kwenye mzani, na likipakwa rangi hakuna mtazamaji atakayejua tofauti.

Uzito ukiwa sawa na bado mabega yanauma, tatizo ni njia unayopita. Mzigo unapaswa kushuka kwenye mifupa ya nyonga. Tumia mkanda wa begi wa upana wa sentimita 5 wenye klipu, ukae juu ya nyonga, usikae tumboni. Mvaaji akaze kiuno kwanza, mabega baadaye. Fundi akifunga kwa mpangilio wa kinyume, mabega hubeba kila kitu na mkanda wa kiuno unabaki pambo. Jaribio ni rahisi: mvaaji akisimama wima, vidole viwili vipite chini ya mkanda wa begani bila kulazimisha. Kama mkanda wa kiuno unateleza juu ya likra, shonea ndani yake vipande vya tyubu ya baiskeli, upande wenye mpira ukigusa suti. Vipande vinne vya sentimita 10 vinatosha.

Kuhusu kuburuta, kuna kosa la hesabu ambalo hurudiwa sana. Mnyiri wa mita 1.2 unaoning'inia wima kutoka kiuno kilichoko mita 1 juu ya ardhi lazima uburute. Mchoro ulikusudia upinde. Upinde huo ushikiliwe na kitu: ama waya ndani, ama mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki unaotumika kwenye mabwawa ya Mtera na Hombolo, ukitoka robo ya mwisho ya mnyiri hadi kwenye pete ya kiunoni. Kwa macho ya mtazamaji aliye mita tano mbali mshipi haupo. Acha nafasi ya sentimita 8 kati ya ncha na ardhi, mvaaji akiwa na viatu vya siku yenyewe, kwa kuwa kijazio hushuka kadiri saa zinavyokwenda.

Minyiri inafanana na soksi zilizojazwa

Hili si tatizo la ushonaji. Mnyiri wa pweza huchongoka mfululizo kutoka shinani hadi nchani, na vinyonyeo vyake vimepangwa safu mbili, vikipungua ukubwa kuelekea ncha. Bomba la kitambaa lenye upana mmoja na vinyonyeo vya saizi moja haliwezi kudanganya jicho la mtu yeyote aliyewahi kuona pweza kwenye sinia la muuzaji.

Kata kitambaa upana wa sentimita 41 shinani na 9 nchani, ikiwemo sentimita 3 za mshono. Kata kwa mshazari wa uzi wa kitambaa, ili mnyiri ukipinda usifanye mikunjo mikali. Vinyonyeo vianze na kipenyo cha sentimita 4, vimalizike na 1, vikipishana kama vifungo vya koti la safu mbili. Sentimita 15 za mwisho zijazwe nusu tu: ncha iliyovimba huua mwendo wote. Na usiweke minyiri yote minane katika pozi moja. Pweza hana mikono ya askari wa gwaride.

Waya umekatika ndani ya mnyiri

Utausikia kabla ya kuuona: mnyiri unatoa mlio mdogo, kisha unaning'inia kama mkono uliovunjika. Ukipasua mshono utakuta waya umekatika karibu kabisa na kiunzi, na mara nyingi ni waya wa kufungia nondo. Waya huo umetengenezwa ukunjwe mara moja na uachwe. Ukipindwa huku na huku sehemu ileile, chuma huchoka na kukatika.

Badilisha uweke waya wa alumini wa milimita 3 hadi 4. Hata huo utakatika kama umebanwa kwenye pete bila nafasi, kwa sababu mpindo wote unajikusanya pointi moja. Uvishe sentimita 10 za mwanzo kwenye kipande cha mpira wa maji, ndipo ufunge mpira huo kwenye kiunzi. Sasa mpindo unasambaa. Ncha zote mbili zikunjwe kitanzi cha sentimita 2 na kufungwa solotepu ya umeme. Waya ulioachwa wazi hutoboa kitambaa, halafu huanza kutafuta macho ya watu.

Kama bajeti ni ndogo, weka waya kwenye minyiri mitatu tu. Mitano iliyobaki itembee na mshipi wa nailoni. Vazi litaonekana hai zaidi kuliko lile lililokakamaa kote.

Gundi imeachia

Usipake gundi mpya juu ya jeraha. Angalia kwanza nyuso mbili zilizoachana, maana zinasema kilichotokea.

Gundi ikiwa imebaki upande mmoja tu, laini na inang'aa, haikushika ule upande wa pili. Hapa Dodoma mtuhumiwa wa kwanza ni vumbi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Sponji iliyokaa kibarazani nusu saa tayari ina utando usiouona. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, subiri ikauke, ndipo upake. Mtuhumiwa wa pili, kwa gundi ya moto, ile ya vijiti inayoyeyushwa, ni upepo: inapoa kabla hujabana. Fanya kazi ndani, kwa vipande vya sentimita 5 kwa wakati.

Gundi ikiwa pande zote mbili na ina nyuzinyuzi kama jibini iliyovutwa, ililainika kwa joto. Gundi ya moto huanza kupoteza nguvu joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kufika huko, sembuse stoo ya bati. Maungio yanayobeba uzito yasitegemee gundi hiyo kabisa. Iache kwa vinyonyeo na urembo.

Sponji yenyewe ikiwa imechanika na gundi iko imara, gundi haina kosa. Ungio limevutwa vibaya. Shona kwa uzi mnene, au weka kipande cha kanvasi ndani ili mvuto usambae.

Gundi ya mpira ya mafundi viatu ndiyo inayofaa kwa kiunzi na minyiri, ila ina masharti. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke hadi kidole kikigusa kisivute nyuzi, ndipo nyuso zinakutanishwa na kugongwa. Maelezo ya kopo mara nyingi husema dakika 10 hadi 15. Kwenye mchana mkavu wenye upepo wa huku, inaweza kuwa tayari baada ya dakika 5, na ukingoja 15 utakuta imefanya ngozi juu isiyoshika tena. Iamini ncha ya kidole kuliko saa. Paka asubuhi, eneo la ukubwa wa kiganja kwa mara moja, madirisha yakiwa wazi na bila moto wa aina yoyote karibu: mvuke wake huwaka.

Tahadhari moja: gundi hiyo, pamoja na rangi nyingi za kupuliza, huyeyusha ile sponji nyeupe ngumu inayokuja kwenye maboksi ya runinga. Ukiona kichwa cha pweza kinapata mashimo kama mbao iliyoliwa na mchwa, ndicho kinachoendelea. Tumia gundi nyeupe ya mbao hapo, na ufunike kwa tabaka mbili za karatasi kabla ya rangi.

Rangi inapasuka

Rangi ya ukutani ikikauka huwa ngumu, sponji inapinda, basi. Changanya rangi ya maji na gundi nyeupe ya mbao kwa kipimo sawa, paka tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, kila moja ikauke kabisa. Mchanganyiko huu haupendi mvua. Kati ya Desemba na Aprili vazi liwe na koti la nailoni tayari. Kwenye likra usipake rangi hii, itapasuka ukivuta mara ya kwanza. Tumia rangi ya vitambaa.

Kofia ya yavuyavu imepinduka kama mwavuli

Ni mwavuli, kwa hiyo haishangazi. Fremu yake ina vijiti vinane, na upepo ukiingia chini yake unasukuma juu bila pa kutokea. Yavuyavu halisi husukuma maji nje kila anapojikunja. Lako halina mlango wa kutolea.

Fanya mambo manne, na yote manne yafanyike:

1. Toboa tundu la sentimita 10 hadi 12 kileleni, ulifunike kwa neti.
2. Punguza kipenyo kisizidi sentimita 90 kwa maonyesho ya nje. Ukumbini unaweza kufika sentimita 120.
3. Funga mshipi wa nailoni kutoka ncha ya kila kijiti hadi kwenye pete iliyo chini ya kofia ya ndani. Vijiti vyote vinane, urefu sawa. Ukifunga vinne tu, upepo utapita upande uliouacha.
4. Kofia ya ndani, mfano ile ya mafundi ujenzi, iwe na mkanda wa kidevuni wenye pande mbili. Mkanda mmoja wa lastiki hauzuii kofia kuzunguka.

Kofia ikiinama mbele, usiongeze uzito nyuma kama dawa ya kwanza. Utapata usawa na maumivu ya shingo. Sogeza fremu nyuma sentimita 2 au 3, au ondoa urembo wa mbele.

Kamba za yavuyavu zikisokotana, ni nyepesi mno na ndefu mno. Zisizidi mita 1, na mwishoni mwa kila moja shona shanga mbili ndani ya pindo. Usiweke washa za chuma: mvaaji akizunguka zinageuka kuwa mawe ya kombeo. Maelekezo mengi kutoka nje yatakuambia ukate mifuko ya plastiki kutengeneza kamba hizi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hatukupoteza kitu, kwa sababu mifuko mbadala ya kitambaa ikikatwa kwa mkasi hutoa utepe mwepesi usiochanika nyuzi. Usiipige pasi tu. Oganza, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, nayo ni nzuri, lakini pindo lake hufumuka. Pitisha ukingo haraka pembeni ya mwali wa mshumaa, ukiwa nje, na ujaribu kipande kidogo kwanza.

Kama oganza inakunjamana chini ya cherehani, sindano ni nene au uzi umekazwa mno. Weka sindano namba 9 au 11, legeza uzi, na shona pamoja na karatasi ya gazeti chini yake, kisha uichane.

Kitambaa kinagandana na miguu, cheupe kimekuwa rangi ya chai

Ni ugonjwa mmoja. Hewa kavu na vitambaa vya plastiki vinazalisha umeme tuli: oganza inavutwa na likra, na vumbi linavutwa na vyote viwili. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya kulainisha nguo kwenye nusu lita ya maji, puliza ndani ya vazi kutoka umbali wa sentimita 30, liache likauke. Sketi ya ndani ya pamba kati ya likra na oganza inasaidia zaidi kuliko dawa.

Vumbi lililoshika lisifutwe kwa kitambaa kibichi. Linageuka tope na kuingia kwenye nyuzi. Kung'uta, piga brashi kavu, ndipo ufue kwa maji baridi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe kwenye kitambaa cheusi au zambarau, hivyo suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama unayo. Vazi likisubiri zamu, lifunikwe shuka. Plastiki inavuta vumbi upya.

Taa zinazima

Kama zinawaka vizuri kisha zinazimika zote baada ya nusu dakika, huenda taa hazijaharibika. Pawabanki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Ongeza uzi mwingine wa taa kwenye pawabanki hiyohiyo, au tumia kisanduku cha betri za kawaida.

Taa za mwisho zikififia kuliko za mwanzo, umeme umepungua njiani kwa sababu waya ni mwembamba na mrefu. Usiunganishe minyiri minane kama treni, mmoja nyuma ya mwingine. Kila mnyiri uwe na waya wake kutoka kiunoni. Zikiwaka na kuzima mvaaji anapotembea, shika maungio mojamoja ukitikisa: lehemu imekatika, kwa kawaida shinani mwa mnyiri, palepale panapopinda. Lehemu upya, vika mpira, na uache waya uliolegea sentimita 5.

Pawabanki ya 10,000 mAh ikilisha taa zinazovuta nusu ampea itakupa karibu saa 12, kwa hiyo huhitaji kubwa zaidi ya hiyo. Ikae kwenye mfuko wa nje wa mkanda, isizikwe ndani ya pamba, maana hupata joto. Taa za krismasi za kuchomeka ukutani, zile za volti 230, zisivaliwe mwilini kwa sababu yoyote. Jasho linapitisha umeme.

Mvaaji haoni, hapiti, anazidiwa

Akiona mbele tu na haoni miguu yake, dirisha la macho liko juu mno. Tumia neti nyeusi, tundu literemke hadi usawa wa pua. Neti nyeupe inarudisha mwanga machoni.

Mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 hadi 90. Kiunzi chenye minyiri iliyotandazwa kinafika mita 1.4. Minyiri ya pembeni ifungwe kwa klipu za begi, itoke na kurudi ndani ya dakika moja. Hapo ndipo vazi linaingia hata kwenye bajaji. Zipu ya mgongoni isifunikwe na kiunzi: mvaaji anayehitaji watu wawili na dakika kumi kufika chooni ataacha kunywa maji, na hapo matatizo makubwa yanaanza.

Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, na likra chini ya sponji haipumui. Nje juani, dakika 20 ndani ya vazi, kisha kofia ivuliwe kivulini kwa muda usiopungua huo. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia mvaaji, siyo kupiga picha. Kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu: vua kofia na kiunzi, mpeleke kivulini, maji kidogokidogo. Akianza kuongea visivyoeleweka, kata vazi kwa mkasi bila kulionea huruma, mmwagie maji, mpepee, na gari liitwe kwenda hospitali. Mkasi huo ukae mfukoni mwa msaidizi tangu mwanzo, na awe ameonyeshwa mapema mikanda ya kukata: miwili ya mabegani, kisha wa kiunoni.